Nimnunulie mdogo wangu miwani ya VR?

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mwalimu hapa Busia, upande wa Uganda. Mdogo wangu alikuwa mwendesha boda. Mwaka jana usiku aligongwa na trela karibu na Bugiri. Yeye alivunjika mguu na kuzirai, abiria wake akafariki. Mguu umepona, ila mwenyewe hajapona. Hapandi boda wala teksi. Akisikia breki za lori anaruka. Usiku anapiga kelele, na hawezi kulala bila taa. Rafiki yake aliyeko Kampala ana miwani ya VR, anataka kutuuzia kwa milioni moja na laki nne. Anasema huko Ulaya na Marekani hiyo ndiyo dawa ya hofu: mtu anavaa, anaona barabara, hofu inaisha. Mama anasema ni mambo ya mapepo. Pesa hizo ninazo, ni akiba yangu yote. Ninunue?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Usinunue. Nimelitanguliza hilo ili akiba yako isitoke kabla hujamaliza kusoma. Lakini yule rafiki hakukudanganya, na nisingependa ubaki ukidhani miwani hii ni utapeli. Ni chombo ninachokiheshimu sana. Yeye amekiona chombo, hakuiona kazi inayofanywa nacho.

Nianze na mama, maana mkubwa akiwa na wasiwasi nyumbani, tiba yoyote hukwama. Mwambie kwamba hiyo VR kwa Kiswahili tunaiita uhalisia pepe, na hiyo "pepe" ni ile ya baruapepe, si pepo wa kumpanda mtu kichwani. Ndani ya miwani kuna skrini ndogo mbele ya macho, kila jicho likipewa picha yake, na kuna vifaa vinavyofuata mwendo wa kichwa. Ukigeuka kushoto, picha inageuka nawe. Ukiinama, unaona chini. Hakuna kingine mle.

Ila hayo machache yanatosha kuupata mwili. Mara ya kwanza nilipovaa, nilijikuta nimesimama juu ya ubao uliotandazwa kati ya maghorofa mawili. Nilijua niko chumbani, na zulia nililisikia chini ya nyayo. Hata hivyo magoti yalitetemeka, na nilipoambiwa nipige hatua moja pembeni, sikuweza. Mtafiti Mel Slater, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, anatenganisha hisia mbili: ya kwanza ni kwamba nipo mahali pale, ya pili ni kwamba linalotokea mbele yangu linatokea kweli. Zikikutana, mwili unaitikia kabla akili haijasema neno. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Mwili ulioamka hivyo ndio tunaouhitaji sisi waganga wa hofu, kwa sababu mtu haaminishwi kwa maneno tu kwamba kitu fulani hakimuui. Anatakiwa akione huku moyo unamdunda.

Hofu hulishwa na kukimbiwa. Mdogo wako akikaribia barabara, kifua kinabana. Anageuka kurudi nyumbani, kifua kinaachia. Ule unafuu ni mtamu, na unamfundisha somo baya, kwamba kilichomwokoa ni kugeuka. Kesho barabara inatisha zaidi, keshokutwa hata njia ya kwenda dukani. Tiba inakwenda kinyume chake. Mtu anaisogelea hofu kipandio kimoja kimoja kama anayepanda ngazi, na kwenye kila kipandio anakaa mpaka ajionee mwenyewe kwamba lile alilolingoja halikuja. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliandika kitabu chake kuhusu kuikaribia hofu hatua kwa hatua mwaka 1958. Wagonjwa wake walikuwa wakifumba macho na kuwaza kile wanachokiogopa. Wapo wasioweza kuwaza vizuri, na wapo wanaowaza kupita kiasi. Tena yapo mambo ambayo huwezi kumpelekea mtu mlangoni, kama ndege inayotua au uwanja wa vita. Miwani iliingia kuziba pengo hilo.

Ilianza na hofu ya urefu, yaani ya kuwa mahali pa juu. Mwaka 1995, huko Atlanta, Marekani, Barbara Rothbaum na Larry Hodges na wenzao walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioogopa urefu. Waliwapandisha madaraja, roshani na lifti ya vioo ambavyo havikuwepo, na hofu yao ikapungua. Tangu hapo kazi imekua. Mwaka 2018 timu ya Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, iliwachukua watu 100 wenye hofu ileile, na waliopewa miwani wakaongozwa na mshauri aliyetengenezwa kwa kompyuta, ndani ya jengo la ghorofa kumi. Kazi mojawapo waliyopewa ilikuwa kumwokoa paka aliyekwama juu ya mti. Hofu yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 68. Baadaye timu hiyo ikawageukia watu 346 wenye maradhi mazito ya akili ambao hawakuthubutu kutoka nje. Nusu yao hivi iliwaingiza kwenye mkahawa, dukani, mtaani, ndani ya basi, yote kwenye miwani. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na waliopata nafuu kubwa zaidi ni wale waliokuwa wamejifungia kabisa.

Hili la mwisho lina maana kwako. Faida kubwa ya miwani, kwa maoni yangu, ni kumfanya mtu akubali kuanza. Watafiti wa Hispania waliwauliza watu 150 wenye hofu mbalimbali kama wangekubali kukabili kitu chenyewe au sura yake ndani ya miwani. Asilimia 27 walikataa kitu chenyewe. Miwani ilikataliwa na asilimia 3 tu. Anayekataa hata kuanza hawezi kupona kwa tiba tunayoijua, kwa hiyo pengo hilo si dogo.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini uliyoyaeleza hayafanani na hofu tupu ya urefu au ya buibui. Kelele za usiku, kuruka kwa sauti ya breki, taa inayowaka hadi asubuhi: mimi nasikia kiwewe. Tofauti ni kubwa. Anayeogopa urefu anaogopa kitakachotokea. Mwenye kiwewe anaogopa kilichokwisha kutokea, kwa sababu ndani yake hakijaisha. Kumbukumbu ya usiku ule haijawekwa pamoja na kumbukumbu nyingine za mwaka jana. Inamrudia ikiwa mbichi, na mwanga wake na harufu yake, kana kwamba trela liko hatua kumi.

Kwa kiwewe, ushahidi wa miwani si mnono kama ule wa urefu. Jeshi la Marekani limeitumia kwa askari waliotoka Iraq na Afghanistan, likitumia mfumo uliotengenezwa na Skip Rizzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, wenye barabara za jangwani, milio ya risasi, hata mtikisiko wa gari. Ni kazi ya kifundi ya hali ya juu. Lakini askari 162 walipogawanywa, wengine wakipewa tiba yenye miwani wengine tiba ileile ya kusimulia na kukabili bila miwani, na wengine wakingoja zamu yao, majibu yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba miwani haikushinda. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko waliokuwa wakingoja, na baada ya miezi mitatu na miezi sita waliotibiwa bila miwani ndio waliokuwa mbele.

Nisomapo hayo nawaza kambi za wakimbizi za Imvepi na Nakivale. Watu wengi hawajui kwamba ushahidi mzuri sana wa tiba ya kiwewe duniani ulitoka hapa kwetu Uganda, chini ya miti na mahema. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, kutoka Ujerumani, walifanya kazi na wakimbizi wa Sudan kambini Imvepi, West Nile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Waliosimulia maisha yao kwa utaratibu maalumu, mikutano minne tu, walipimwa tena baada ya mwaka, na asilimia 29 ndio waliobaki na ugonjwa. Kwa waliopata ushauri wa kuliwazwa, ilikuwa asilimia 79. Kisha huko Nakivale utafiti mwingine ukawashirikisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na mara hii waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki sita.

Chombo chao unakijua: kamba, mawe na maua. Kamba inanyooshwa chini, nayo ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kila jambo baya linawekewa jiwe mahali pake, kila jambo jema ua. Halafu mtu anasimulia kuanzia mwanzo, na akifika kwenye jiwe kubwa hapiti haraka. Anaulizwa uliona nini, ulisikia nini, mwili ulikuwaje, unauonaje sasa hivi ukiwa umekaa na mimi hapa. Mtabibu anaandika. Mkutano unaofuata anamsomea alichosimulia, na anayesimulia anarekebisha na kuongeza. Mwishoni jiwe linabaki pale kwenye kamba, lakini sasa lina kabla yake na baada yake. Nimeona mtu mzima akilishika jiwe lile mkononi na kulikazia macho kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa mara ya kwanza, ilikuwa tarehe ngapi.

Ndiyo maana nasema rafiki ameona chombo bila kazi. Kazi ni ile ile, Oxford na Nakivale: kumsogeza mtu kwenye hofu yake hatua kwa hatua, akiwa na wa kumwongoza.

Kuna jambo lingine linalonifanya nisitake umvalishe. Programu nyingi za barabara zilizomo kwenye miwani zimetengenezwa Marekani na Ulaya. Magari yanakwenda mkono wa kulia. Lami ni safi, taa zipo, hakuna anayevuka na baiskeli iliyobeba ndizi. Mdogo wako haiogopi barabara hiyo. Anaiogopa barabara ya Bugiri usiku, trela linalotoka Malaba na taa moja, vumbi, honi, mlio wa boda yake mwenyewe ukizimika. Kumvalisha barabara ya kigeni kunaweza kusimguse kabisa, mkapoteza pesa. Au kinyume chake: kitokee kitu kidogo kisichotarajiwa, mwanga wa taa usoni, na kumbukumbu yote ifunguke chumbani kwenu pasipo mtu anayejua kuifunga. Ndani ya miwani mtu yuko peke yake hata mkiwa kumi chumbani. Hamwoni anachokiona. Wagonjwa wengi hufumba macho humo ndani hofu ikipanda, na mtabibu asiyeuliza hajui kwamba kwa dakika tano zilizopita mgonjwa wake amekuwa gizani akijificha.

Na umesema alizirai. Hilo lisipite hivi hivi. Aliyegongwa kichwa anaweza kupata kifafa miezi au hata miaka baadaye, na picha zinazomulika na kuchezacheza si za kumvalisha mtu kama huyo kabla hajaonwa na daktari. Hata asiye na jeraha hupata kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu macho yanasema tunakwenda huku sikio la ndani linasema tumekaa.

Nimeacha kwa makusudi lililo zito kuliko yote katika barua yako. Umeandika kwa maneno matatu tu: abiria wake akafariki. Sidhani mdogo wako anaiogopa barabara pekee. Nadhani anamwogopa yule abiria. Katika kazi hii nimekutana na madereva wengi waliobaki hai, na swali lao la usiku si "nitakufa?" bali "kwa nini nilikubali safari ile?" Kwa nini sikukataa, ilikuwa saa nne, nilishataka kurudi nyumbani, elfu tano tu. Miwani inaweza kuleta barabara. Haiwezi kuleta mazungumzo hayo. Hatia ya namna hiyo inahitaji mtu wa kukaa naye akipekua usiku ule kwa haki: nani alikuwa na taa, nani alikuwa upande gani, wewe ulijua nini saa ile, si leo baada ya kujua mwisho wake. Tunajihukumu kwa elimu tuliyoipata baadaye, na hukumu hiyo haina rufaa mpaka mtu mwingine aisikie.

Halafu nikuulize: alikwenda kuwahani wafiwa? Nahisi hakwenda, kwa sababu alikuwa amelazwa wakati wa maziko. Kama ndivyo, huenda kuna nyumba anayoikwepa kuliko barabara yoyote. Siku moja, si sasa, na baada ya kushauriana na mtabibu wake na wazee wa pande zote mbili, kwenda pale kutoa pole na kuomba dua kunaweza kuwa kipandio cha juu kabisa cha ngazi yake. Msimpeleke kwa ghafla. Msimpeleke kwa sababu mimi nimeandika. Mwekeeni tu moyoni kwamba mlango huo upo.

La kufanya sasa, basi. Mpeleke kituo cha afya cha ngazi ya nne hapo Busia, mahali anapoweza kufika kwa miguu, uulizie muuguzi au afisa tabibu wa magonjwa ya akili. Eleza yote, hasa kuzirai na kelele za usiku. Uliza kama anakunywa kitu ili alale, waragi au vidonge vya diazepamu vya duka la dawa, na msimfokee akikubali. Vidonge hivyo humlaza mtu, ila havitibu kiwewe, na vinaifanya kazi ya kukabili hofu kuwa ngumu. Zipo dawa nyingine, zile za sonona, zinazosaidia, na hizo ataamua mwenye utaalamu wa dawa. Mimi natibu kwa mazungumzo tu. Akisema hataki kuishi, au ukiona anagawa vitu vyake, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo, na asibaki peke yake.

Hatua inayofuata ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbale au Jinja. Zote zina kitengo cha afya ya akili. Ningechagua Mbale, kwa sababu njia yake ni ya Tororo na haipiti Bugiri. Uliza moja kwa moja kama kuna anayefanya tiba ya kusimulia kiwewe au ya kukabili kwa hatua, maana ushauri wa "jipe moyo" si tiba hiyo. Milioni yako na laki nne itamlipia nauli nyingi za Mbale.

Nawe utauliza, atafikaje Mbale asiyepanda teksi? Hapo ndipo ngazi inapoanzia, na mtabibu wa Busia atakusaidia kuipanga. Kwanza kukaa barazani mchana, mahali malori yanasikika. Kisha kusimama paki ya teksi bila kwenda popote. Kisha kukaa ndani ya teksi iliyozimwa injini, kwa ruhusa ya kondakta, kila siku kwa wiki. Kila hatua ajipime mwenyewe, sifuri mpaka kumi, na asiondoke hofu ikiwa kileleni. Boda iwe ya mwisho, tena kama mwenyewe anataka. Kuiogopa boda usiku kwenye barabara ya malori ni busara, na sitaki kumtoa busara yake. Nataka aweze kusafiri, alale, avae kofia ngumu akirudi kazini, na akatae safari anayoiona mbaya.

Mwambie pia rafiki wa Kampala asiitupe miwani yake. Wapo wanaoihitaji karibu naye. Huko Seattle, Marekani, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson waliwapa waliounguzwa na moto ulimwengu wa theluji wa kurushiana mabonge wakati wanabadilishiwa bendeji, na maumivu yakapungua, kwa kuwa akili iliyoshikwa na theluji haina nafasi ya kutosha kwa kidonda. Nikipata mfadhili leo, miwani ya kwanza ningeipeleka hospitali ya Kiruddu, Kampala, kwenye wodi ya walioungua, kwa watoto waliomwagikiwa na maji ya moto. Ya pili ningempa kijana wa Kampala anayejua kupiga video za pande zote, atutengenezee barabara zetu zenyewe, zenye boda na ndizi na mkono wa kushoto, ili siku moja mtu kama mdogo wako akae na mtabibu wake Mbale na kuiona Bugiri bila kufika Bugiri. Hilo nalitaka kwa dhati.

Mkianza safari ya Tororo, kaa naye kiti kimoja, yeye dirishani. Msimwambie afumbe macho, hata trela linapopita. Akifumba mwenyewe, muulize kwa sauti ya kawaida anaona nini nje, na umngoje mpaka ajibu.